Kutu ya Kupakwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka hapa Lidcombe, Sydney, nikashuka kituo cha pili cha treni, najiona nimesafiri, na nikirudi nawasalimia walionisubiri kama nimetoka Hija. Sasa mtu kama huyo alifikaje siku ya Idi kwenye kigari cha chuma, miguu mitupu, hina imeiva mpaka vifundoni, anavutwa kupanda mlima ambao si mlima? Kisa hiki kimeshasimuliwa sana nyumbani kwangu na watu wawili ambao hawajawahi kunipa zamu ya kusema. Leo ni zamu yangu.

Lakini nianzie Tanga, maana hofu yangu niliitoa huko.

Kwetu tulipokuwa watoto, ukisema "naenda sikukuu" hukuwa na maana ya siku. Ulikuwa na maana ya uwanja. Unavaa gauni jipya linalowasha shingoni, mkono wa Idi umefungwa kwenye ncha ya leso, harufu ya udi imekushika mpaka kwenye nywele, halafu unakwenda kusimama foleni ya bembea. Bembea yenyewe ilikuwa gurudumu kubwa la mbao, linaning'iniza masanduku ya kukalia. Mashine haikuwepo. Mashine ilikuwa vijana wenye fulana zilizochakaa, wanalisukuma kwa mikono huku wanaimba na kuwatania akina dada wanaopita.

Kila mwaka, siku chache kabla ya mwezi kuandama, mtu alikuja kuipaka rangi upya. Sanduku hili ni simba, lile ni meli, lile ni ndege yenye madirisha na abiria wenye miwani. Chini ya ile rangi mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa, na misumari ililia kama paka. Hakuna aliyejali. Sisi hatukupanda mbao, tulipanda ndege. Watoto walipigana kugombea ndege wakati sanduku la meli liko wazi, na yote mawili yalizunguka palepale kwa kasi ileile. Rangi ilikuwa mbichi, tukirudi nyumbani tuna kipande cha simba kwenye gauni.

Mimi nilipanda mara moja tu. Nilipata ndege. Tulipofika juu kabisa wakasimamisha gurudumu ili chini wapande wengine, nikayaona mabati ya mji mzima na mama yangu chini amekuwa kama kibiriti, na hapohapo nikaacha kuwa rubani. Nilishushwa ninalia. Tangu siku hiyo kazi yangu ya sikukuu ikawa kula ubuyu na kuwashikia wenzangu viatu. Niliifanya vizuri sana.

Sasa njoo Sydney. Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kiswahili alikuwa anakisikia chote. Nikimnong'oneza baba yake jikoni kwamba kuna aiskrimu, yeye yuko chumbani na mlango umefungwa, anatokea na kijiko. Lakini kujibu, anajibu Kiingereza. Unamuuliza, "Umekula?" anakujibu Kiingereza. Unamgombeza kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka, anajitetea kwa Kiingereza cha shuleni, na jirani anayesikiliza ukutani anajua upande mmoja tu wa kesi.

Mimi nilizoea. Asiyezoea ni mama yangu. Kila tukipiga simu Tanga, aliniambia nimpe mjukuu wake. Mtoto alisema, "Shikamoo Bibi," akaitikiwa marahaba, akaulizwa habari za shule, akacheka, akanirudishia simu kama inaunguza. Ilikuwa haizidi hapo.

"Mtoto huyu ananichekea kama mtu wa hoteli," mama yangu aliniambia siku moja. Alikuwa ameweka simu ya video sikioni kama kawaida yake, kwa hiyo niliyekuwa naongea naye ni sikio. "Mzuri, ana adabu, lakini simjui. Nitakufa sijapiga naye soga hata siku moja."

Nikamwambia asiseme maneno hayo. Nilipokata simu nikakaa nayo mkononi. Nilijaribu kumfundisha binti, nikamwekea saa ya Kiswahili nyumbani, nikatoza faini ya peremende kwa kila neno la Kiingereza. Niliyefilisika ni mimi, maana yeye alifunga mdomo, mimi ndiye nikateleza na "okei" zangu.

Ikaja ile Idi. Mume wangu alikuwa na shifti bohari, hakupata ruhusa. Rafiki yangu wa Quakers Hill, Mkongo wa Bukavu anayehudumia wazee, kila Idi huja kwangu kula biriani, kama mimi ninavyokwenda kwake Krismasi kula sombe, kisamvu chao. Safari hii akasema tusikae ndani, twende bustani ya michezo, ile yenye treni za kupanda na kushuka, watoto wa kanisani kwao wanaisifu kila Jumapili.

Binti akaruka. Mimi nikasikia "bustani" na "Idi", akili yangu ikaenda Tanga moja kwa moja. Nikawavalisha watu kwa sikukuu. Binti gauni la kumetameta, mimi dira jipya na mtandio wa hariri na viatu vya kuchomeka vyenye shanga, na hotipoti ya biriani ya kulisha nusu ya mtaa. Udi nikaufukiza mpaka king'ora cha moshi kikalia. Rafiki yangu naye akaja na kitenge cha harusi na kilemba kirefu. Tukafika getini, tukawakuta watu wote wa Sydney wamevaa kaptula.

"Shoga," nikasema, "tumekosea mahali."

"Hatujakosea," akasema, "beye njo bamekosea. Siku kubwa banavaa kaptula?"

Hotipoti haikuingia kwenye kabati la kuhifadhia mizigo. Tulijaribu kuilaza, tukajaribu kuisimamisha. Mwishowe rafiki yangu akaishika mapajani kwenye benchi na kusema yeye analinda chakula, mimi nimpeleke mtoto.

"Kwani wewe hupandi?"

"Nimepandaka mara mingi. Leo ni zamu yako, Mama."

Binti alikuwa ameshachagua. Treni yenyewe imetengenezwa kama mgodi wa dhahabu wa zamani. Foleni inapita pangoni, taa za kandili zinapepesa, kuna mapipa, sururu, kofia za wachimbaji zimetundikwa kama wenyewe wamekufa jana. Ukutani kuna sauti ya mzee anakohoa na kusimulia jinsi nguzo zilivyoporomoka. Mimi nikawa namsikiliza kwa huruma. Halafu nikafika kwenye ubao umeandikwa: hatari, mbao zimeoza, reli hazijakaguliwa, atakayeingia shauri yake.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na nikisoma hatari, narudi. Nikamshika binti mkono, nikageuka, nikaanza kuwapangua watu wa nyuma yangu mmoja mmoja na mtandio wangu. Nikatoka mpaka kwenye benchi.

"Reli zimeoza!" nikamwambia rafiki yangu. "Wameandika wenyewe!"

Alicheka mpaka kilemba kikalegea. Akanivuta mpaka kwenye nguzo ya mlangoni, yenye kutu ya kutisha inayotiririka. "Gusa," akasema. "Gusa, Mama. Iko rangi tu. Banapaka."

Nikagusa. Laini kama sahani. Nikatazama kidole, hakuna kitu.

Nilisimama pale nikaikumbuka bembea yetu. Kwetu mbao zilioza kweli, wakapaka ndege juu yake tusiogope. Huku chuma ni kipya, kinakaguliwa kila asubuhi, wakapaka uozo juu yake ili tuogope. Watu wanalipa tiketi waone hatari, na hatari yenyewe ni kazi ya mpaka rangi. Niliona ni wazimu, halafu nikaona ni mamoja. Kote kuwili mtu anataka kuambiwa kisa kabla hajapanda.

Binti alikuwa amenuna, machozi yako karibu. Kwa sababu ya kutu ya kupakwa sikuwa na kisingizio tena. Tukarudi foleni.

Mwisho wa foleni, msichana anayepandisha watu akaniomba nichomeke ncha za mtandio ndani ya nguo na nivue viatu, havina kamba ya nyuma. Nikavua. Chuma cha kunibana kikashuka mapajani, kikasema *kwa*. Msichana akanisemesha kitu kingine kwenye kipaza sauti, nikaitika, "Abee?" Hapo nikajua Kiingereza changu kimeshashuka, mimi bado niko.

Treni ikaanza kuvutwa kwenda juu. Pango likaisha. Hiyo ndiyo siri yao: kandili, mapipa, mzee wa kukohoa, vyote vinabaki chini. Ukitoka nje unakuta reli tupu na mbingu. Hakuna mgodi tena, kuna wewe. Mnyororo ukawa unagonga chini yetu, nikayaona mapaa ya nyumba yanakwenda mpaka mbali, na pale kwenye benchi rafiki yangu na hotipoti yake amekuwa kama kibiriti.

Nilianza kusema nishusheni. Nadhani niliimba. Binti akanisemesha Kiingereza, sikuelewa hata neno. Akanisemesha tena, nikamtazama kama ninavyotazamwa mimi na maofisa. Basi akanishika kidevu, akanigeuza uso.

"Mama," akasema. Si ile "Mam" yake ya kila siku. "Mama, tazama mimi. Usitazame kule. Haiumi. Haiumi, kidogo tu. Tumeshamaliza."

Yalikuwa maneno yangu. Ndiyo niliyokuwa namwambia akichomwa sindano, mdogo, amenikumbatia shingo, na ulikuwa uongo uleule, maana hatukuwa tumemaliza, tulikuwa hatujaanza. Nikamtazama. Halafu dunia ikaondoka chini ya dira langu.

Sina la kusimulia kuhusu kushuka. Nilikuwa nimefumba macho na kufumbua mdomo.

Jioni tukapiga simu Tanga kutoa mkono wa Idi. Kwao mwezi ulikuwa haujaonekana, kwa hiyo sisi tumeshiba biriani na mama yangu bado amefunga, ananuna kwamba Waswahili wa Australia wana haraka. Nikampa binti simu, nikaingia jikoni kuosha sufuria, nikijua itarudi kabla sijafungua maji.

Haikurudi.

"Bibi," nikasikia, "leo Mama alilia."

Halafu sauti ya mama yangu, kubwa, maana nadhani kwa mara ya kwanza alikuwa ameitoa simu sikioni. "Alilia? Alipigwa na nani? Hebu nieleze vizuri, mwanangu."

"Hapana pigwa! Treni. Treni ya… iko juu. Mama alishika mimi hapa, ona. Akasema nishushe, nishushe. Na viatu hapana! Na iko jiwe, lakini jiwe ya uongo…"

"Jiwe la uongo?"

"Ndiyo! Mama aliogopa jiwe la uongo!" Alitaka kusema kutu, neno lake hakuwa nalo.

Mama yangu akaanza kucheka. "Usinichekeshe, mtoto wee, nimefunga, koo limekauka. Hebu rudia hapo alipovua viatu." Akarudia. Akakosa neno, akapewa, akalichukua, akaendelea. Nilimlisha peremende miezi mizima hakusema sentensi tatu, kumbe alikuwa hana habari ya kupeleka. Sasa alikuwa nayo, na aliyestahili kuipata, Kiingereza hajui.

"Sasa na mimi nikuambie," mama yangu akasema. "Alikwambia habari za bembea? Hakukwambia. Siku hiyo kijana alimshusha, na yeye akamng'ang'ania shingoni hataki kumwachia, mpaka fulana ya yule maskini ikachanika kati. Ilibidi babu yako ampe yake, akarudi nyumbani kifua wazi, siku ya Idi!"

Ya fulana nilikuwa siyajui. Nikatoka jikoni na povu mikononi. "Mama, hiyo si kweli! Nilikuwa mdogo mno, na fulana yenyewe ilikuwa imeshachakaa…"

Binti akageuka, akaweka kiganja juu ya simu kama mtu mzima aliyekatizwa.

"Mama," akasema, "tunaongea."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Nikarudi kwenye sufuria. Nilifungua maji kidogo tu, ili nisikie wanavyonisema.