Lakshmi wa Nangwa na Chumvi ya Ng'ombe

Niliiba sare ya kwaya ya mama ili niwe mungu wa kike. Ndiyo, mimi Safari, mvulana wa kidato cha pili, mwenye magoti meusi kama sufuria la makande.

Ilikaribia siku ya wazazi pale shuleni kwetu Nangwa, mwalimu wa uraia akataka kila kundi lionyeshe imani ya majirani zetu. Sisi tukapewa Wahindu, tukaenda Katesh dukani kwa Mama Jaya, shikamoo, marahaba, akatushushia kalenda yenye picha ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa mali, akatueleza taratibu: mikono ni minne kwa sababu binadamu anatafuta vinne, wajibu, mali, furaha na uhuru wa roho, sarafu zinamwagika kiganjani kwa sababu baraka haifumbatwi, na lile ua la yungiyungi alilokalia linaota topeni lakini lenyewe halichafuki.

Mimi nikashika moja tu: anavaa nyekundu. Na nyekundu kali kuliko zote Nangwa ilikuwa sandukuni kwa mama (sikujua kwaya yao imealikwa siku hiyohiyo, naapa).

Basi siku ikafika, nikavaa, rafiki yangu Gwandu akajibana nyuma kutoa ile mikono ya ziada, tukafungwa kiunoni kwa mkanda mmoja. Sarafu hatuna. Nikajidai mjanja: kwetu mali si ng'ombe? Nikajaza viganja chumvi ya ziwa Balangida, ile wanayolambishwa ng'ombe, nyeupe, inang'aa.

Uwanjani nikaimwaga kwa madaha, wazazi makofi, nami nikamwona mama katikati ya wanakwaya wekundu, peke yake ndani ya gauni la bluu, macho kwenye kifua changu. Nyuma yake ng'ombe waliokuwa wakienda kunywa maji wakasimama. Wakanusa. Wakaja.

"Tulia, mungu hakimbii," nikanong'ona.

"Basi abaki yeye, mimi naondoka!" akasema Gwandu.

Tukaondoka wote, miguu minne, mikono minne, ndimi za ng'ombe mgongoni kwa Gwandu, mpaka kwenye tope la bombani. Kifudifudi!

Tangu siku hiyo sanduku la mtu siligusi, hata nikipewa nafasi ya malaika.

Mama akaja, akasimama juu yangu. Nikajaribu: "Mama, lile ua linaota topeni na bado..."

"Ua silijui, sare naijua. Jumapili ikiwa na doa hata moja, utaivaa wewe, utasimama mstari wa mbele, na utaimba sauti ya kwanza pamoja na sisi akina mama."