Bwana Arusi wa Kila Mji

Kwenye kikundi chao cha maigizo walimwita Bwana Arusi, maana kila mji walioingia alioa. Alioa jukwaani, akapigiwa makofi, kisha akarudi gesti kufua soksi zake kwenye sinki. "Mganga hajigangi," alijisemea akizikamua, na kipara chake kwenye kioo kikakubaliana naye.

Moyo wake ulikuwa kwa dada aliyekaa nyuma ya pazia. Dada huyo ndiye mnong'onezaji: yuko kwenye kigoda na maandishi ya mchezo mapajani, mwigizaji akisahau anamtupia maneno kwa sauti ya chini. Na Bwana Arusi alisahau sana. Alisahau hata alipokumbuka, ili mradi aisikie sauti ile. Shida ni kwamba dada alimwita kaka, na kila 'kaka' ilimkata maini.

Siku moja walicheza mchana katika ukumbi wa shule. Wote walishajua: dada amepata kazi ya ualimu kwao, mchezo ukiisha anapanda basi, wao wanaendelea na lori lao. Bwana Arusi asiposema leo, ndiyo imetoka. Lakini aseme vipi? Mtu mzima, domo lote lile jukwaani, akishuka bubu.

Akaona njia. Lilipofika tukio la kuposa, alimpa mgongo bibi arusi wa mchezo, akapiga goti kuelekea pazia.

"Sina nyumba, sina nywele, na goti lenyewe sijui kama litainuka. Lakini nakupenda. Usiniache."

Kisha sauti ya upole ikatoka nyuma ya pazia: "Siyo hapo, kaka. Sema, 'Baba mkwe, nimeleta salamu.'"

Akarudia kwamba anampenda. Sauti ikapanda: "Baba mkwe, kaka. Baba mkwe." Ukumbi mzima ulisikia, watu wakavunjika mbavu. Pembeni ya Bwana Arusi fundi umeme wao, masharubu ya kubandika yakimning'inia, alisimama tayari kuwa baba mkwe. Angefanyaje? Alimpa salamu.

Baadaye alimkuta dada nyuma ya jukwaa akikunja pazia, begi lake chini. Akashika ncha ya pili, kama walivyozoea, wakakutana katikati. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Kwa ujinga wa mazoea akainamisha sikio, akangoja kunong'onezewa.

"Yale ya pale kwenye goti," dada aliuliza, "hayamo kwenye mchezo?"

"Hayamo."

"Nami nayatafuta ukurasa mzima." Alicheka kidogo, machozi yakimlengalenga. Kisha akasogea sikioni. "Sema, 'Nitapanda basi na wewe.'"

"Nitapanda basi na wewe," alisema Bwana Arusi, kwani mwigizaji hurudia kwanza, hufikiri baadaye. Alipofikiri, aliona hakuna neno la kubadilisha.

"Haya, kaanue soksi zako," dada akasema.

Alisimama kidogo, akingoja ile 'kaka' ifuate. Haikufuata.