Waya wa Mita Tano

Dau alikuwa mtu wa maswali. Siku hiyo alikaa dukani kwa Sharmarke, Lodwar, tangu saa tatu asubuhi, maikrofoni mbili zikiwa mezani, na adhuhuri ikamkuta hajachagua hata moja. Usimlaumu. Pesa ya fundi cherehani wa kambi ya Kakuma haichezewi, na safari hii hakukuwa na nafasi ya kukosea.

Baba yake mdogo, mzee Kuot, alikuwa anarudi kwao Bor Jumamosi. Ni yeye peke yake aliyebaki anayejua wimbo wa maksai wa marehemu baba yake Dau. Mwanamume wa Kidinka humtungia dume lake la ng'ombe wimbo, na humo humo akataja ukoo wake wote. Baba alikufa Dau akingali ananyonya, picha hakuacha, na kaburi lake halijulikani liko wapi. Wimbo ndio uliobaki, na sasa nao ulikuwa unaondoka. Dau alikuwa amejaribu kuurekodi kwa simu, akapata upepo na mabati yakilia.

"Hii inayong'aa si ndiyo ya studio?" aliuliza Dau.

"Nyumba yako ni ya nini?" Sharmarke akamjibu kwa swali.

"Mabati."

"Basi itakurekodia mabati. Hiyo inasikia kila kitu, mpaka mbuzi wa jirani. Chukua hii ya kanisani. Inasikia mdomo ulio karibu tu, na ikianguka haifi. Kisanduku hiki kinaiunganisha na kompyuta yako, na programu ya kurekodi utapata ya bure. Ongeza waya wa mita tano."

"Mita tano za nini? Nyumba yangu yote haifiki mita tano."

"Ndugu yangu, bado sijaona mteja aliyerudi kulalamika kwamba waya ni mrefu."

Dau alilipa huku akinung'unika, na akaendelea kunung'unika mpaka Kakuma.

Ijumaa asubuhi, kabla jua halijayachemsha mabati, mkewe Alek alitundika mablanketi ukutani kupunguza mwangwi. Dau akaifunga maikrofoni kwenye kijiti juu ya cherehani, akamketisha mzee mbele yake, akavaa hedifoni. Mzee Kuot aliimba mistari miwili, akanyamaza.

"Nikikaa hautoki," alisema.

Akainuka. Mikono ikapanda juu, ikapinda kama pembe, na miguu ikaanza kutembea. Sauti ikaenda nayo, huku maikrofoni imebaki pale pale. Dau akamwomba aishike mkononi.

"Nikishika hiki, mwanangu, dume litakuwa na pembe moja."

Akaombwa basi angalau asimame mahali pamoja, mikono chini. Mzee alijaribu, maskini, lakini majina yakamchanganyikia, na babu mzima akarukwa. Hapo Dau aliogopa kwelikweli. Kosa lake lilikuwa la mtoto aliyekulia kambini: alizoea kwaya zinazosimama kwenye mstari, akadhani wimbo unakaa mdomoni tu. Gari la mzee lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri.

Alek alikuwa mlangoni anawatazama, na uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Baba Ajok," alimwambia mumewe, "tangu lini mwanamume akauchezea ukuta wimbo huu? Si mwanamke husimama mbele yake?"

Akaifungua maikrofoni kwenye kijiti, akajifunga leso kiunoni, akasimama mbele ya mzee na kuiweka karibu na midomo yake. Mzee akatabasamu, akainua pembe zake. Alipokwenda mbele, Alek alirudi nyuma. Alipogeuka, Alek naye akageuka. Chumba kikawabana, wakatoka mlangoni hadi uani, waya ukiwafuata sakafuni, na bado haukukazika. Dau akamkumbuka Sharmarke na kumwombea heri.

Kwenye hedifoni kila jina lilifika. Kulikuwa na upepo kidogo kwa mbali, na vishindo vya miguu, na Alek akihema, lakini sauti ya mzee ilikuwa mbele ya yote. Yule babu aliyerukwa akarudi mahali pake. Dau alijua wimbo ungeishia kwa jina la baba yake, Yak, kwa hiyo akasogeza kidole tayari kuzima.

Mzee hakuishia hapo. Alishusha sauti, akaimba ubeti ambao Dau hakuwahi kuusikia:

"Dume langu, pita polepole mlangoni, Dau amelala."

Dau aliondoa kidole.

Mzee aliporudi ndani aliketi, akaomba chai. "Imeingia?" aliuliza.

"Imeingia yote, baba mdogo." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujishughulisha kuyafuta. "Ule ubeti wa mwisho uliutunga wewe?"

"Mimi? Ni wa baba yako. Aliuongeza wiki uliyozaliwa."