Kiganja cha Muuza Kobe

Muuza kobe wa majini hana rula dukani, ana kiganja. Humtoa kobe kwenye beseni kwa vidole viwili, taratibu kama anayemtoa mtoto uchafu jichoni, humlaza kiganjani na kusema kwa sauti ya chini, "Huyu hata akizeeka ataishia hapa," akigusa kifundo cha mkono. Mwingine humrudisha majini. "Huyu leo ni kifungo cha shati, baadaye ni sinia. Msimchukue." Anakataa kuuza, ndiyo maana watu wanamwamini. Mimi simpendi. Binti yangu, ambaye tangu afikishe miaka tisa hanipi mkono hata tukivuka barabara, alikiweka kiganja chake juu ya kile cha muuzaji kilicholowa, bila kuambiwa, apime. Nikalipa haraka tuondoke. Nyumbani, kobe wetu mdogo alipokwisha kuzoea maji, nikanyoosha mkono wangu. "Haya, mwanangu, tumpime. Ataishia wapi?" Akautazama kwa huruma. "Baba, huo sio wenyewe," akasema. "Jumamosi tumpeleke kwa yule mjomba wa dukani, ampime yeye."