Nilivyotuhumiwa kunakili kitabu kwenye darasa la historia, Texas

Wakuu, heshima zenu.

Chumvi nitatia, ndivyo nilivyoumbwa. Ila kisa chenyewe ni cha kweli na mhusika ni mimi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa naishi Lewisville, jirani na Dallas. Mchana napanga vitabu maktaba ya community college, jioni naingia darasani hapohapo. Masomo ya kuanzia: College Algebra na U.S. History.

Algebra ilikuwa mteremko. Wenzangu wana calculator kubwa kama rimoti ya TV, mimi nimelelewa na four-figure, kile kijitabu cha majedwali ya hesabu. Wiki ya tatu nusu ya Texas imezunguka meza yangu. Mwalimu nusura anikabidhi chaki.

Kichwa kikavimba.

Historia alifundisha mama mtu mzima, Mrs. Whitlow. Akatupa mtihani wa insha: kwa nini makoloni yalimwasi Mwingereza?

Wakuu, mimi ni zao la shule ya bweni. Kwetu kujua ni kukariri. Nilishameza sura nzima pamoja na mikato yake, nikaimwaga yote kwenye karatasi bila kuchungulia popote. Nikatoka natembea kama waziri.

Wiki iliyofuata karatasi ikarudi haina maksi. Wino mwekundu tu: umenakili kitabu, njoo ofisini.

Pale adhabu ya kunakili ni kufukuzwa. Na viza yangu ilikuwa ya mwanafunzi. Chuo kikinifuta, narudi Tanga mikono mitupu.

Nikamweleza Athumani, jamaa wa Mombasa niliyekuwa naishi naye. Mnadhani alinipa pole?

"Weye umekariri kitabu cha Mzungu hadi Mzungu mwenyewe kashtuka! Haya funga mizigo, ndugu yangu. Kitanda chako nshakirithi."

Ofisini nikamwambia yule mama, "Sijaiba. Fungua kitabu, chagua ukurasa wowote wa sura ile."

Akachagua. Nikatiririka. Aya ya kwanza, ya pili. Ya tatu akavua miwani.

"Inatosha. Nimekuamini, hujaiba. Lakini haya ni mawazo ya mwandishi. Wewe unaonaje?"

Wakuu, jasho lilinitoka ndoo mbili. Tangu darasa la kwanza hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza naonaje. Nikatafuta kichwani ukurasa wenye jibu. Haupo.

Akafungia kitabu kwenye droo, akanipa karatasi. "Kaa hapo. Andika upya."

Saa nzima, nusu ukurasa. Niliandika kwamba babu yangu naye aligomea kodi ya Mwingereza, akalala porini siku tatu. Kwa hiyo hasira ya makoloni naielewa. Nisichoelewa ni mtu kudai uhuru wake huku amemiliki watu shambani kwake. Kiingereza kimepinda kama njia ya Usambara.

Alisoma mara mbili. Akaandika C.

"Hii ni yako," akasema.

Sikufukuzwa. Nimepata A kadhaa baadaye, ila iliyonifanya nipige simu nyumbani ni ile C.

Funzo: kukariri tusikubeze, ndiko kulikoniokoa pale ofisini. Ila kulinifikisha mlangoni tu. Ndani waliniuliza mimi ni nani.

Haya, mliosoma popote pale: nani alikuwa wa kwanza kukuuliza wewe unaonaje, na ulikuwa na umri gani?