Mwenye nyumba anataka shikamoo kwenye kamera

Leo nimeamkia ukuta, nimejifunga kanga, ndoo tupu mkononi.

Mzee mwenye nyumba wetu anaishi Usangi, juu milimani. Sisi wapangaji tupo huku chini, Same mjini.

Mwezi uliopita alifunga kamera uani, anatuangalia kwenye simu. Eti wezi. Sawa, ila imeelekea mlango wa bafu.

Jana nikampigia kumwomba aigeuze. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Mwanangu, mimi kinachoniuma ni kimoja. Kila asubuhi mnapita mbele yangu, hakuna hata mmoja anayeniamkia."

Mzee ni mzee, jamani.

Basi asubuhi hii, naenda kuoga, nikasimama chini ya ile kamera.

"Shikamoo, baba."

Nikaingia bafuni nimeshachoka, na siku haijaanza.

Narudi chumbani, simu inaita. Ni yeye.

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo hujakaa sana bafuni? Maji yamekatika?"

Na kweli yalikuwa yamekatika.

Wapangaji wenzangu, nyie mnaogea wapi?