Sikio la Melchior

Huko Vulamba, mtaa mmoja wa mji wa Butembo, mtu akisema "peleka gari kwa Sikio," hakuna anayeuliza Sikio ni nani. Ni Melchior, fundi wa miaka sitini na minne, ambaye tangu ujana wake anainamia injini za Butembo na bisibisi ndefu: ncha juu ya chuma, mpini sikioni, macho yamefumbwa utadhani anasali rozari. Akifumbua macho hutaja ugonjwa, na mara nyingi hakosei. Jina hilo analipenda kuliko alilobatizwa nalo, ingawa hawezi kukiri hivyo mbele ya padri.

Nyumbani tu ndiko sikio hilo halina heshima. Mkewe, Marie-Jeanne, mama wa binti yao Joyeuse, humwita chakulani mara tatu, mara ya nne huja kumgusa bega. "Nilikuwa nawaza," husema Melchior. Mwaka huu amewaza sana, mzee wa watu. Moyoni alijua, ila kulikubali jambo lenyewe hakuwa na haraka. Fundi anayeitwa Sikio asiposikia, ataitwaje?

Jumatatu moja akaja Paulin, mwalimu wa kwaya, na kigari chake kikuukuu.

"Papa Melchior, asubui nikiiwasha inalia ta-ta-ta-ta. Ikisha pata moto, inanyamaza. Na Jumamosi niko napeleka mama yangu Beni. Isitukufie mu njia."

Melchior alitega bisibisi. Injini ilikuwa imepanda mlima wote kutoka kwa Paulin, imepata moto, imetulia.

"Mimi hapana sikia kitu."

"Hata mimi," alisema Paulin. "Saa hii hapana lia."

Melchior alifurahi kupita kiasi. Ilikuwa miezi mingi hajakosa kusikia kitu pamoja na mwenzake. Alifungua, akapima nafasi za soupapes, yaani vali za injini, akakaza moja iliyolegea kidogo, akamwambia aende salama. Jumanne Paulin alirudi: asubuhi imelia vilevile.

"Kesho usiiwashe. Iache ilale baridi, nitakuja mimi."

Jumatano, saa kumi na mbili kasoro, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati, Melchior alifika akiwa na koti na kofia ya sufu. Alikuta injini inanguruma uani, moto kama sufuria ya bugali. Paulin alikuwa ameiwasha nusu saa nzima kabla.

"Niliona haya, muzee akuje na hii baridi, tena gari imusumbue kuwaka."

Adabu ya Paulin ndiyo iliyokuwa ugonjwa mkubwa zaidi wa gari lile. Alhamisi Paulin alikuwa na mazishi Kirumba. Jioni aliporudi, Melchior alimngoja mlangoni, akamnyang'anya ufunguo, akaenda nao nyumbani.

Ijumaa asubuhi chuma kilikuwa baridi hata kugusa kulichoma. Melchior alifungua boneti, akarudisha ufunguo. Injini ilikohoa, ikashika.

"Unasikia?" alisema Paulin, kidole juu.

Mama mmoja wa jirani alichungulia juu ya ua, akaitikisia kichwa injini kwa huruma. Melchior alisikia mngurumo. Aliweka bisibisi juu ya soupapes, akasikia mngurumo. Akaiweka chini kwenye bloku ya injini, mngurumo uleule. Hapo aliogopa kweli. Kama ni bielle, ule mkono unaosukuma pistoni, injini itapasuka njiani pamoja na bibi kizee ndani, na aliyesema "nenda" ni mtu asiyesikia. Neno "soupapes" lilikuwa ulimini tayari. Angelitamka, wangemwamini.

Aliiweka bisibisi chini. Akaanza kupitisha kiganja haraka kandokando ya collecteur, pale moshi unapotokea kwenye injini, kabla chuma hakijashika moto. Mwishoni kabisa pumzi ndogo ilimpiga ngozini, ta-ta-ta-ta, mfululizo. Alimulika na tochi ya simu: masizi meusi yamejichora pembeni ya joint, ile gasketi ya kuzibia moshi.

"Zima. Ni joint ya collecteur. Moshi iko inapita hapa. Chuma ikipata moto inavimba, inafunga katundu. Moteur yako iko muzima."

Siku ileile alibadilisha joint, na Jumamosi alfajiri akaja kushuhudia. Gari liliwaka. Mama yake Paulin alikuwa ameshakaa ndani na kikapu cha maparachichi mapajani.

"Hapana lia tena," alisema Paulin. "Papa, masikio kama yako haiko mu Butembo yote."

Melchior alifumbua kinywa amwambie ni mkono. Kinywa kikasema, "Safari njema." Njia nzima ya kurudi aliona aibu kama mtu aliyepokea sadaka isiyo yake.

Marie-Jeanne alikuwa mbele ya mbabula, jiko lake la makaa, amempa mgongo, akikoroga uji. Melchior aliona mabega yake yakitikisika kidogo, ikiwa ni dalili kwamba anasema. Siku nyingine angeitika "ndiyo" na kusubiri matokeo. Leo alizunguka, akachukua kigoda, akakaa mbele yake.

"Rudilia, mama Joyeuse. Sikusikia."

Mwiko ulisimama.

"Niliuliza kama ile mulio ya gari ya Paulin uliisikia."

"Hapana. Hata kidogo."

Marie-Jeanne alikuwa na maneno ya miaka miwili tayari mdomoni, na mengine ni matamu sana. Aliyaacha. Alisogeza kigoda chake upande wa kulia wa mumewe, ambao alikuwa amegundua zamani kwamba una nafuu, akaanza kumsimulia habari za wiki nzima upya.